Fulltaimu, ivini, masafa au online: masaa ni yaleyale 3,600

Kila dirisha la udahili likifunguliwa simu yangu inajaa swali lilelile kwa sura tofauti tofauti, nisome fulltaimu au ivini (ya jioni baada ya kazi), nichukue ya masafa (ya kujisomea mbali na chuo), hii ya online inatambulika kweli, vipi wikendi. Na wengi wanauliza wakiwa tayari wameshaambiwa na mtu kwamba mfumo fulani ni mwepesi. Mi nafanya kazi chuoni, kazi yangu ni kukaa na walekchara tuziingize kozi zao mtandaoni, shahada yangu ya kwanza niliisoma kwa masafa nikiwa kazini Tabora na ya pili nikaisoma ivini Dar, kwa hiyo hizi njia nimezipita kama mwanafunzi na sasa naziona kutokea upande wa pili wa meza. Kuna kitu kimoja naona watu hawaambiwi kabla hawajalipa ada, na ndo nataka nikiseme leo.

Tuanze na hesabu kwanza. Hapa Tanzania TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inapima masomo ya chuo kikuu kwa krediti, na krediti moja ni masaa 10 ya kujifunza. Hayo masaa 10 sio ya kukaa darasani tu, humo ndani kuna lekcha, semina, maabara, kusoma mwenyewe, asaimenti, mpaka kujiandaa na UE, ule mtihani wa mwisho wa semista. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti 360. Zidisha mwenyewe, ni masaa 3,600, yaani masaa 1,200 kwa mwaka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyesoma usiku anapunguziwa, au aliyesoma kwenye simu ana masaa yake pembeni, cheti ni kilekile na mzigo ni uleule.

Kwa hiyo ukisikia tangazo linasema soma kwa muda wako, sawa, muda ni wako kweli, ila ni masaa 1,200 kwa mwaka. Ukiyatandaza kwenye wiki 52 bila kupumzika hata Krismasi wala Idi ni kama masaa 23 kwa wiki. Ukiamua shahada hiyohiyo uisome kwa miaka sita inakuja kama masaa 11 na nusu kwa wiki, na hapo mtu mwenye kazi na watoto anaweza, kwa kujibana, lakini anaweza. Hizi namba mbili, 23 na 11 na nusu, ningependa ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila brosha ya chuo.

Sasa kama masaa hayabadiliki, kati ya mfumo na mfumo kinabadilika nini? Mi naona kikubwa ni nani anakulindia hayo masaa. Mengine yote, sijui video, sijui jengo, sijui aplikesheni, yanakuja baadaye.

Mwanafunzi wa fulltaimu anayekaa hosteli masaa yake yanalindwa na watu wengi bila hata yeye kujua. Kuna ratiba ukutani, kuna CR, kiongozi wa darasa, anayetuma meseji kwamba lekcha imehamishiwa ukumbi mwingine, kuna mwenzako wa chumbani anayewasha taa alfajiri, kuna diskasheni chini ya mti usiku wa kuamkia test, kuna hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani, inayotembea koridoni nzima. Hata ambaye hana nidhamu sana anabebwa na mkondo. Ndo maana kijana aliyetoka form six juzi, hana mke hana mtoto hana bosi, mi nitamwambia siku zote akipata nafasi na bumu (pesa ya mkopo wa serikali) aende fulltaimu, asitafute ujanja mwingine, kwa sababu umri ule ukimpa mtu masaa 1,200 ayalinde mwenyewe akiwa nyumbani kwao, unampa mzigo ambao hata mtu mzima unamlemea.

Ivini ni habari nyingine. Darasa linaanza saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, tuseme siku nne kwa wiki, hayo ni masaa 12. Mwaka wa masomo ukiuhesabu wiki 30, yale masaa 1,200 yanataka masaa 40 kwa wiki. Toa 12 ya darasani, yamebaki 28. Haya niambie mtu anayetoka kazini Posta saa 10 na nusu anakimbilia kipindi, anatoka saa 2 anapanda mwendokasi amesimama mpaka Kimara, anaingia nyumbani watoto wameshalala, hayo masaa 28 anayatoa wapi? Hayapo. Na kwa sababu hayapo ndo utaona kwenye ivini desa linatawala, watu wanakopi noti za waliomaliza mwaka juzi, wanasoma maswali yaliyopita, wanafaulu, na mwisho mtu ana shahada lakini vitabu vya fani yake hajawahi kuvifungua. Siwalaumu wanafunzi hata kidogo, nimekaa nao, nawajua, ni watu wanaojituma kuliko wengi. Nalaumu kupanga kozi ya watu walioajiriwa kwa miaka ileile mitatu ya watu wasioajiriwa halafu tukajifanya hatuoni hesabu. Ivini ya miaka minne au mitano ingekuwa kitu kizuri sana, maana darasa la jioni lina watu waliokomaa, ukifundishwa uhasibu na jirani yako wa dawati ni mhasibu wa halmashauri, mjadala unaopata hapo kwenye lekcha ya saa 2 asubuhi huupati.

Nije kwenye masafa, huku ndo moyo wangu uliko.

Watu wanaongea kana kwamba kusoma ukiwa mbali na mwalimu kumeletwa na intaneti. Wazee wetu walijifunza kwa redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haikuwa shahada, ilikuwa elimu ya afya, vyoo, maji safi, malaria, lakini angalia ilivyosukwa: kuna kipindi redioni kwa siku na saa inayojulikana, kuna kijitabu mkononi, kuna kikundi kinakaa pamoja kusikiliza na kujadili, na kuna kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi hiyo. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa muundo huohuo. Redio haimsubiri mtu, kikundi kinakusubiri, na kijitabu kinabaki nyumbani. Mimi kila nikipewa kozi niiweke kwenye Moodle, ule mfumo wa kuwekea kozi mtandaoni, najiuliza kama ina hivyo vitu vitatu, na mara nyingi nakuta ina kijitabu tu.

Halafu kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, sheria yake ilipita Bungeni 1992, makamu mkuu wa chuo wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, na wazo lake lilikuwa kubwa kuliko tunavyolipa heshima: vitabu vya kozi vilivyoandikwa kwa mtu anayejisomea, vituo kwenye mikoa, vipindi vya ana kwa ana kwa siku chache, test na mitihani unafanyia kituoni karibu na kwako. Mwalimu wa Sumbawanga hakuhitaji kuacha kazi na familia ili apate shahada. Kwa nchi ambayo wakati ule chuo kikuu kilikuwa kwa wachache mno, hilo lilibadilisha maisha ya watu, na mpaka leo ukienda ofisi nyingi za wilaya utawakuta waliopita huko.

Mimi niliposoma kwa masafa tulikuwa na kikundi cha watu wanne, muuguzi, askari, karani wa mahakama na mimi. Tulikuwa tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye darasa la shule ya msingi moja ambayo mwalimu mkuu wake alitukubalia, tunakaa kwenye yale madawati ya watoto magoti yamegusa mbao, kila mtu amesoma sura yake na anawafundisha wenzake. Yule karani alikuwa mkali, ukija hujasoma anakuambia ukweli mbele ya wote. Wote wanne tulimaliza. Waliokuwa wanasoma peke yao mjini hapohapo, watu wenye akili kabisa, wengi walipotea njiani. Na hakuna aliyejua wamepotea! Hilo ndo linaniuma kwenye masafa, mwanafunzi wa fulltaimu akiacha kuja wiki mbili watu wanaulizana, wa masafa anaacha kimyakimya, hakuna CR wa kumpigia, mfumo unamwonyesha bado ni mwanafunzi mpaka siku wanasafisha orodha.

Kingine ni kusahihishiwa. Nilikuwa na kozi moja mwalimu alikuwa anarudisha asaimenti imejaa wino mwekundu, hapa umechanganya sababu na matokeo, hapa soma tena ukurasa fulani, hapa vizuri sana. Kozi nyingine karatasi ilirudi imeandikwa 52. Basi. 52 ya nini, nimekosea wapi, nirekebishe nini? Ile ya wino mwekundu mpaka leo naweza kukufundisha, ile ya 52 nimeisahau yote. Na huyu wa wino mwekundu sikuwahi hata kumwona uso. Open University ya Uingereza, ambayo wanafunzi wake wa kwanza walianza 1971, watu wanaikumbuka kwa vipindi vya BBC vya usiku wa manane, lakini ukiangalia jinsi ilivyopangwa, mhimili wake ulikuwa asaimenti zinazosahihishwa na mkufunzi anayekuandikia maoni, na huo umebaki hata baada ya vipindi vya TV kufa mwaka 2006. Kama chuo kinataka kubana matumizi kibane kwenye vitu vyote, mshahara wa msahihishaji kisiuguse.

Sasa online. Mkongo wa SEACOM, ile kebo ya intaneti inayopita baharini, ulifika pwani yetu 2009, intaneti ikaanza kuwa kitu cha kawaida, na ilipofika 2012 zikazaliwa Coursera na edX, tovuti za kozi za vyuo, huko Marekani, ikawa gumzo dunia nzima kwamba mtoto wa popote atasoma Harvard bure akiwa kwao. Mi niliamini kabisa, na kwa upande mmoja bado naamini, kuna mafundi wa kompyuta hapa mjini wamejifunza programu zote huko bure. Ila matokeo yake yalipokuja kuhesabiwa, kwenye kozi za vyuo vya Harvard na MIT zilizowekwa edX, mwaka 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya wote waliojiandikisha. Kwa wale waliolipia ili wathibitishwe wapate cheti ilikuwa asilimia 46. Video zilezile, mazoezi yaleyale. Ni kweli anayelipa tayari ana nia, hilo sikatai, lakini hata hao waliolipa zaidi ya nusu hawakufika mwisho. Kozi ikiwa nzuri namna gani, kama hakuna anayekuuliza umefikia wapi, masaa yanavuja.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, huu ulitoka 2017, uliangalia chuo kimoja kikubwa kinachoendeshwa kwa kutafuta faida ambacho kozi moja inatolewa darasani na online kwa silabasi hiyohiyo na asaimenti hizohizo. Waliosoma online walipata alama za chini, tofauti kama pointi 0.44 kwenye skeli ya 4, yaani kutoka B ya chini kwenda C hivi. Na walioshuka zaidi ni wale ambao tangu mwanzo GPA zao (wastani wa alama) zilikuwa ndogo. Hapo ndo napandwa na hasira, maana kwetu mara nyingi online wanasukumiwa walewale waliokosa nafasi kwingine, aliyefeli kidogo, wa mbali, asiye na ada ya kutosha. Yule anayehitaji kushikwa mkono zaidi ndo anapewa mfumo unaoshika kidogo zaidi, halafu akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, tunasema hakuwa serious.

Na online mbaya naijua kwa sura, kwa sababu nimeona kozi nyingi zikiletwa mezani kwangu. Lekchara anakuja na flashi, ndani kuna slaidi zake za miaka yote, anasema pandisha hizi. Nikimuuliza mwanafunzi atafanya nini wiki ya tatu, anasema atasoma. Au ile ya Zoom ya masaa matatu mfululizo, mwanafunzi ana bando la wiki linaliwa na kipindi kimoja, kamera zimezimwa, mwalimu anaongea na majina. Machi 2020 Korona ilipofunga vyuo hapa kwetu, mpaka vikafunguliwa Juni 1, sehemu kubwa tulikaa tu tukisubiri. Wakenya waliofungiwa muda mrefu zaidi walijaribu kuhamia online, binamu yangu wa Mombasa alikuwa anapanda juu ya paa kutafuta netiweki, na baadhi ya walimu wake walichofanya ni kulichukua lile darasa la masaa matatu na kulimimina kwenye simu lilivyo. Pale watu wengi wakaichukia online, na walichokutana nacho kilikuwa lekcha ndefu yenye netiweki mbovu.

Online nzuri nayo nimeiona. Kuna mwalimu mmoja wa takwimu tuliyefanya naye kazi, somo lenyewe ndo linaloogopwa kuliko yote, alilikata somo lake vipande vya sauti vya dakika saba nane, vinatumwa WhatsApp maana kule bando ni rahisi, kila kipande kina swali moja la kufanya kwenye daftari, unapiga picha unatuma kabla ya Alhamisi usiku, Jumamosi asubuhi anarudisha majibu kwa sauti akitaja makosa yaliyojirudia. Asiyetuma wiki mbili anapigiwa simu na msaidizi. Hakuna teknolojia kubwa hapo. Lakini Alhamisi ipo, na mtu wa kukuuliza yupo, na lile darasa lilifaulu.

Kuna mfumo mmoja wa Kenya ambao naupenda sana na kwetu nadhani hatuutumii vya kutosha, wao wanauita school-based, walimu walioajiriwa wanaingia chuoni wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba, wanafundishwa mfululizo wiki kadhaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, halafu wanarudi vituoni na kazi za kufanya mpaka likizo ijayo. Kenyatta University imewasomesha walimu wengi sana kwa njia hiyo. Uzuri wake mtu akiwa kazini ni kazi, akiwa chuoni ni chuo, kichwa hakigawanyiki kila jioni. Ubaya wake likizo inakufa, na kwa mama mwenye watoto wadogo likizo ndo wakati watoto wako nyumbani, mwalimu mmoja wa Voi aliniambia watoto wake wamekua wakimjua Desemba kwa simu. Chuo chenye mfumo huu kikiweka sehemu ya watoto kulelewa mchana kitapata walimu wa kike wengi, hilo nina hakika nalo. Kenya sasa wana pia Open University of Kenya, ilipewa hati yake Agosti 2023 pale Konza, na ni ya mtandaoni, natamani wasiiache ile hekima ya school-based nyuma.

Masomo ya mikono sitayaongelea sana, uuguzi, maabara, ufundi, huko hakuna mjadala mrefu, nadharia unaweza kusoma popote lakini wodi ni wodi, na chuo kinachokuahidi vinginevyo kikimbie.

Ukienda kuuliza chuo, usianze na ada. Uliza asaimenti inarudi baada ya siku ngapi na inarudi na maandishi au na namba tu. Uliza nikinyamaza mwezi mzima nani atanitafuta, na akikujibu kwamba mfumo utakutumia meseji jua hakuna mtu. Uliza wa mwaka wa kwanza walikuwa wangapi na waliofika mwaka wa tatu ni wangapi, ofisi ya udahili wakikuzungusha kawatafute wanafunzi wenyewe steshenari, pale utaambiwa yote. Uliza naruhusiwa kuichukua kwa miaka mingapi, na chukua mingi, usione aibu.

Wiki iliyopita ameniuliza binti mmoja wa Kahama, anauza duka la dawa, ana mtoto wa mwaka mmoja, anataka shahada ya biashara na alikuwa ameshawishiwa na kozi moja ya online ya miaka mitatu. Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu, duka anafunga saa 3 usiku, tukapata masaa 12 kwa wiki ya uhakika, mengi yakiwa alfajiri kabla mtoto hajaamka. Masaa 12 hayatoshi miaka mitatu, yanatosha sita. Nikamwambia achukue ya masafa aipange miaka sita, na kabla ya kulipa hata shilingi apate wenzake wawili palepale Kahama wanaosoma kitu kinachofanana na wakubaliane siku. Jana kaniandikia mmoja ameshampata, ni mwalimu wa sekondari, na wamekubaliana Jumapili baada ya ibada.